Siku Mbili Bila Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Nimemsikia Dada leo. Redioni, taarifa ya habari ya mchana, nikiwa chumba cha kufulia cha kiwanda cha saruji, nimezama kwenye ovaroli za watu wa tanuru. Mama Pacha, mwenzangu wa kufua, akapiga kelele, "Haya, nduguyo huyo!" — akazima mashine yake ili nisikie vizuri.

Alikuwa bungeni anasoma muswada wake. Viwanda vinavyotoa moshi vilipe kwa moshi wao. Viweke vichujio. Na waliougua kwa vumbi watibiwe kwa gharama ya wenye kiwanda. Kila neno limenyooka, limepigwa pasi. Hiyo si sauti yake ya nyumbani. Ya nyumbani inajivuta mwishoni, kama mtu anayetafuta kandambili kwa mguu. Lakini kuna mahali alikwama, akakohoa, akasema samahani. Hapo ndipo alipokuwa yeye mwenyewe. Dada yangu mtupu! Nilisimama na ovaroli mkononi kama mtu aliyeitwa jina.

Nilipofika nyumbani, kumbe Baba naye alisikia. Hakusema lolote kuhusu muswada. Aliniuliza kama nadhani huko aliko anakula.

Na hayo mafua — nani anamchemshia maji?

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi ilianza kama kawaida. Kukung'uta mifuko ya ovaroli kabla hazijaingia majini, maana saruji ikipata maji ndani ya mfuko, basi tena, unatoa jiwe. Sabuni tumeambiwa tutumie nusu. Mwezi uliopita pia tuliambiwa nusu. Nusu ya nusu sasa! Mama Pacha anasema tukifika mwisho wa mwaka tutakuwa tunazionyesha nguo sabuni kwa mbali.

Saa nne tukaitwa uwanjani wote. Meneja. Yeye hapigi kelele, huongea kwa upole kama daktari anayekuambia ukae kwanza. Wenye kampuni huko ng'ambo wamesema: muswada ukipita, tanuru linazimwa. Watahamia nchi nyingine. Hali ya dunia ni ngumu, tuelewe. Akatuomba subira.

Watu wakageuka. Si kumtazama meneja. Kunitazama mimi!

Fundi mmoja wa tanuru akasema kwa sauti, wala hakuficha, kwamba watoto wa mjini wameshiba hewa safi, sasa wanataka na sisi tuile. Wakacheka. Mama Pacha akamwambia afunge mdomo wake. Lakini mchana, tukiwa tunakamua shuka za zahanati, yeye mwenyewe akaanza, polepole, bila kunitazama: "Mwenzangu... wewe ukizungumza naye, si atakusikia?"

Nikaendelea kukamua. Ana pacha wake, na bei ya unga asubuhi si bei ya jioni. Foleni ya mafuta leo imefika hadi geti la kiwanda. Nitamlaumuje?

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia. Ile namba yake ya zamani. Ikapokelewa na mwanamke.

"Ofisi ya Mheshimiwa Waziri."

Nikamwambia nataka kuzungumza na Dada. Akauliza dada yupi. Nikasema huyohuyo Mheshimiwa. Akaniuliza mimi ni nani. Mdogo wake, nikasema. Kisha: "Mdogo wake wa jimboni, au...?"

"Wa tumboni!" nikamwambia.

Akaomba radhi. Msichana mwenye adabu tu, kazi yake. Kumbe wanampigia wengi na wote ni wadogo zake — wa dini, wa chama, wa shule. Atamfikishia ujumbe. Ujumbe gani? Nilikuwa nimejaza kifua maneno na yote yakanikimbia. Nikasema mwambie nampa pole ya mafua.

Zamani tulilala kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye nje, kwa sababu mimi naogopa ukingo. Mama alipofariki, Dada ndiye aliyenisuka kila Jumapili, ananivuta nywele mpaka machozi yanachuruzika, na nikilalamika ananipiga kitana begani. Leo mtu ananiuliza ni mdogo wake wa wapi.

Jumapili, 9 Machi

Baba amebanwa kifua tangu alfajiri. Umeme ulikatika, mashine yake ya kuvuta dawa kwa mvuke ikafa katikati ya dawa. Nimemkalisha dirishani, kisha nikamwondoa dirishani, maana upepo ulikuwa unatoka upande wa bomba la moshi la kiwanda. Nikampepea kwa kipande cha boksi hadi mkono ukafa ganzi.

Daktari wa kampuni aliandika kwamba ni sigara. Baba! Mtu ambaye mgeni akiwasha sigara barazani anahama kiti. Nilipolisema hilo mbele ya daktari, aliniambia basi ni ya waliomzunguka.

Na bado Baba hataki tukiseme vibaya kiwanda. Alipopata pumzi alianza tena. Usiku ule walipoliwasha tanuru kwa mara ya kwanza, yeye akiwa na ndevu nyeusi, joto lilivyowasukuma nyuma wote kama mkono. "Mmesomeshwa na moto ule," akasema. "Dada yako amekuwa waziri kwa moto ule."

Nikamuuliza: kwa hiyo Dada amekosea?

Akafikiri sana. Akasema moto haujakosea. Wanaokosea ni wanaojua unaunguza nini na wakanyamaza. Kisha akaniomba nimtazamie kama simu yake ina chaji, asije akapigiwa ikawa imezimika.

Ina chaji. Haijaita wiki nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja nyumbani. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi — tunamwita Kinara — na wenzake wawili. Wakamwamkia Baba vizuri, shikamoo mzee, wakakaa. Kinara alifunzwa kazi na Baba. Mikono yake ina makovu yaleyale.

Hawakuzunguka. Wanataka Baba amwambie Dada auondoe muswada. Kinara alisema naye anataka vichujio, nani hataki? Lakini si mwaka huu. Mwaka huu nchi haina hata pesa ya kununua mafuta. Kiwanda kikifungwa mji wote unakufa. "Mzee, sisi vumbi tunaliogopa. Ila njaa tunaiogopa zaidi, kwa sababu inafika mapema."

Baba akawasikiliza mpaka mwisho. Kila mtu chumbani alikuwa anasikia kifua chake kinavyopiga mluzi. Kinara mwenyewe akawa anatazama sakafu.

"Nitamwomba aje," Baba akasema. "Mengine siwezi. Nimemlea aseme, leo nimwombe anyamaze?"

Mmoja akasema kumbe mzee ana pensheni ndiyo maana. Kinara akamwambia toka nje. Wakatoka wote. Kinara alirudi peke yake kuchukua kofia, akasimama, akamshika Baba bega. Akaenda.

Baada ya hapo Baba akaniambia nimwandikie Dada ujumbe. Neno moja tu: Njoo.

Nikaandika. Nikautuma kwenye ile namba ya zamani na nyingine yoyote niliyoijua.

Ijumaa, 14 Machi

Amejibu!! Yeye mwenyewe, si yule msichana. Najua kwa sababu hajaweka nukta popote.

"Nakuja ijumaa ijayo nina shughuli kiwandani mwambie baba usihangaike kupika"

Nimeusoma kwa Baba mara nyingi hadi akaniambia basi, anausikia. Kisha akaniomba niusome tena.

Jumanne, 18 Machi

Naandika haraka, mikono imechubuka. Kiwanda kizima kimeshikwa na wazimu wa usafi. Wanapaka chokaa mawe ya barabarani. Wanaosha miti! Sitanii — gari la zimamoto limepita linaosha majani kutoka getini hadi kwenye nyumba za wageni. Nilikuwa nimesahau kwamba ile miti ni ya kijani. Mama Pacha alisimama mlangoni, akasema afadhali Mheshimiwa angekuwa anakuja na kwetu chooni.

Kwetu zimeletwa ovaroli mpya, nyeupe, marundo. Zifuliwe mara moja ziondoke harufu ya dukani, zipigwe pasi. Wafanyakazi watazivaa siku hiyo tu, kisha zirudi stoo.

Nyumbani nimetoa godoro la chumba chetu juani. Nimeosha pazia. Nimenunua sabuni ya kuogea ya ile harufu aliyoipenda, imenikata pesa ya siku mbili za sokoni, acha. Baba ameniomba nimnyoe.

Aliniambia usipike. Nitapika.

Alhamisi, 20 Machi

Jambo la ajabu. Tangu jana asubuhi tanuru limezimwa. Matengenezo, wanasema. Kila mtu anajua ni matengenezo gani: kesho mbingu iwe safi.

Nilipoamka, sikujua kilichoniamsha. Kumbe ni ukimya: sikusikia kikohozi cha Baba. Nikaenda mbio chumbani kwake. Nikamkuta amelala. Chali! Amelala chali, mdomo umefungwa, anapumua kama mtoto aliyeshiba. Sikumbuki lini alilala bila kuegemezwa na mito. Nikakaa chini pale mlangoni nikamsikiliza. Nikachelewa kazini, wakanikata mshahara, wakate.

Jioni alitembea mwenyewe hadi nje. Akatazama juu. Akasema kumbe kule nyuma ya bomba kuna vilima.

Siku mbili tu za kuzima moto, na kifua cha baba yangu kimefunguka. Daktari wa sigara aje aone!

Natamani Dada angefika leo. Amkute hivi. Na wakati huohuo natamani angefika siku ya kawaida, amkute kama alivyo. Sijui nataka lipi.

Ijumaa, 21 Machi

Amekuja.

Sijui nianzie wapi. Uwanja ulijaa, weupe kila mahali, kama harusi ya watu wasiojuana. King'ora, magari meusi, vumbi kidogo ingawa barabara walikuwa wameimwagia maji. Akashuka. Amekonda! Shingo imekuwa nyembamba. Amevaa viatu vya kisigino na anatembea navyo kama vinamuuma. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilinyanyua mkono, kisha nikaushusha, nikaona haya, watu wote wale.

Meneja akazungumza. Mtu wa ng'ambo akazungumza, akatafsiriwa. Akapewa maiki Dada.

Akasema serikali imesikia kilio cha wafanyakazi. Akasema nchi inapita katika kipindi kigumu na inahitaji kila senti ya fedha za kigeni. Akasema muswada unasogezwa mbele kwa miaka mitano. Kampuni imesamehewa malipo yote ya moshi kwa muda huo, vichujio vitawekwa "hali itakaporuhusu", na suala la wagonjwa litaundiwa kamati. Kiwanda hakifungwi.

Kelele! Kofia juu, watu wanakumbatiana, mafundi watu wazima wanalia. Mama Pacha amenishika shingo ananitikisa, "Umeona! Si nilisema uzungumze naye!" Nami mikono yangu ilikuwa inapiga makofi. Sikuituma. Niliiona tu inapiga.

Alisoma yote bila kuinua uso. Mara moja tu aliinua, kuelekea kwenye bomba.

Nikakimbia nyumbani. Baba alikuwa barazani, amevaa shati lake la kola. Alisikia zile kelele kutoka pale alipo. Akaniuliza wameshangilia nini. Nikamwambia kiwanda hakifungwi. Akauliza na vichujio? Nikasema miaka mitano. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu, na sikutaka kujua anahesabu nini.

Tukakaa kumngoja. Msafara ulipita barabara ya juu kuelekea nyumba za wageni. Tuliona taa. Haukukata kona yetu. Chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa. Baba hakukubali kubadili shati.

Tanuru limewashwa tena jioni hii. Nasikia.

Jumamosi, 22 Machi

Leo asubuhi nafagia uwanja wetu, nikasikia mtu ananiita jina lile la utotoni, la kunitania, ambalo hakuna mwingine aliye hai analijua isipokuwa Baba. Nikageuka. Dada. Kwa miguu, viatu mkononi, dereva anakuja nyuma mbali kidogo anaona haya.

Nilikuwa nimepanga kumnunia. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamrukia shingoni na ufagio wangu. Akasema nimenenepa. Nikamwambia yeye amebaki pua. Tukalia, tukacheka, dereva akatazama ukuta.

Kisha akaingia kwa Baba.

Hakuwa amewahi kumuona akibanwa. Simu zile za sikukuu, Baba hujitahidi, huvuta pumzi kwanza ndipo aseme haloo. Leo hakuweza kujitahidi. Moshi ulikuwa umerudi usiku kucha. Alimkuta ameinama mbele, mikono kwenye magoti, midomo ya rangi ya majivu, anapigania kila tone la hewa. Dada akasimama mlangoni. Nikamwambia shika hapa, shikilia barakoa hii, usibane. Akaishika. Waziri wa Mazingira!

Ilichukua muda. Kifua kilipotulia, Baba akamshika mkono akamwambia karibu mwanangu, kama kwamba hakukuwa na kitu.

Akatuambia. Hakuulizwa. Katika baraza la mawaziri walikuwa watano upande wake, wakawa watatu, mwisho akabaki yeye. Mafuta yaliyobaki nchini ni ya wiki chache. Wakopeshaji wanataka kuona dola zinaingia, na kampuni imeahidi kuleta. Mwenzake wa Hazina alimwambia: maadili yako ni mazuri, tuoneshe yanavyowasha taa hospitalini. "Na mimi sikuwa na jibu," akasema. "Ndilo linaloniumiza. Sikuwa na jibu." Kisha wakampa yeye kazi ya kutangaza uamuzi. Kwa sababu ni mtoto wa hapa. Atapokelewa.

"Ulipokelewa," Baba akasema. Bila ukali.

"Wameshangilia, Baba."

"Wana njaa. Mwenye njaa hushangilia sufuria." Akapumzika. "Wewe ulikubali?"

Dada akasema ametangaza tu. Bado hajasaini. Waraka wa msamaha unatakiwa uwe na saini yake ndipo uanze kazi. Atasaini kesho asubuhi, kabla ya kuondoka, mbele ya wale wa ng'ambo. Akikataa, atafukuzwa kabla ya jioni na atawekwa mwingine atakayesaini. Itakuwa imebadilisha nini?

Baba akafunga macho. Alikuwa amechoka. Alimuuliza tu: leo utalala hapa?

Amelala hapa. Mchana mzima amelala kama aliyeanguka, mimi ukutani, yeye nje. Sikulala. Nilikuwa nikimtazama. Nilivyoitamani siku hii! Na sasa amelala hapa, pumzi yake iko shavuni kwangu, na bado namkumbuka. Sijui kama inawezekana mtu kumkumbuka aliye mbele yake.

Alipoamka alitazama dari muda mrefu. Akaniuliza ingekuwa mimi ningefanya nini. Nikasema mimi nafua nguo, Dada, mimi si waziri. Akasema usinikimbie. Basi nikamwambia kweli: nikimfikiria Mama Pacha, ningesaini. Nikimsikia Baba, ningeichana ile karatasi. Kila siku nasikia wote wawili.

Akasema, "Basi na wewe ungekuwa hulali usiku, ungelala mchana."

Jumapili, 23 Machi

Naandika jikoni, nimesimama. Chai inachemka.

Msaidizi amekuja — ndiye yule wa simu, binti mdogo kuliko nilivyodhani. Aliponiona akasema, "Wewe ndiye wa tumboni," akatabasamu, maskini. Sasa amekaa sebuleni, jalada lenye ule waraka magotini, kalamu juu ya jalada. Gari liko nje, injini inaunguruma. Wale wa ng'ambo wanangoja nyumba za wageni tangu saa mbili, na ndege ina saa yake.

Dada yuko chumbani kwa Baba. Aliingia kumuaga. Ni muda sasa.

Simu yake ameiacha hapa mezani. Inaita. Inanyamaza. Inaita. Jina linalotokea ni "Hazina". Nilimpelekea mlangoni, akaniambia bila kugeuka, iache huko huko.

Msaidizi ameniuliza Mheshimiwa atatoka saa ngapi. Nikasema sijui. Akaniuliza kama naweza kumkumbusha. Nikampa chai.

Namsikia Baba. Anamsimulia kitu, sauti ndogo, anakatika, anaanza tena. Anakohoa. Nilitaka kwenda, lakini nimemsikia Dada. Kwa sauti ile ya nyumbani, inayojivuta mwishoni:

"Polepole, Baba. Mimi sina haraka."

Dereva amepiga honi mara moja. Msaidizi amesimama, ameweka kikombe chini, amechukua jalada, anakwenda mlangoni kwa Baba. Anagonga kwa adabu. Mheshimiwa, tunachelewa.

Anahamishia jalada kwapani.

Anagonga tena. Ananitazama.

Nimesikia komeo. Limefungwa, kwa ndani.